Jinsi nilivyonunua nyumba ya urithi Lamu bila kuingia kesini

Nyumba niliipenda nilipovuka daka tu, ukumbi wa mlangoni: mtaa wa Langoni, kuta za mawe na chokaa, boriti za mikoko bado ngumu. Wauzaji walikuwa ndugu watatu, na bei tulishaafikiana. Lakini nilipofanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, hati ilikuwa bado na jina la marehemu baba yao. Isitoshe, walikuwa na dada aliyeolewa Mombasa. Hakuna aliyekuwa amemtaja.

Hapa kwetu ndipo wengi wanapoumia. Makubaliano ya barazani, mashahidi wawili, pesa zatoka. Sheria ya urithi ya Kenya hairuhusu mali ya marehemu kuuzwa kabla ya mirathi kuthibitishwa, na mrithi aliyerukwa anaweza kuirudisha nyumba mahakamani hata baada ya wewe kuezeka upya.

Sikuvunja mpango. Niliwaambia, "Kaka zangu, bei yenu naikubali, ila twende kwa kadhi kwanza." Dada akaitwa. Mama yao alishafariki, kwa hiyo mirathi ikagawanywa mafungu saba: kila kaka mawili, dada moja. Nami nilifurahi sana kumwona akipata haki yake.

Arbuni, yaani malipo ya awali, ilikaa kwa wakili, kwa maandishi kwamba nitarudishiwa mirathi ikikwama. Wasimamizi wa mirathi walipoandikishwa kwenye hati, warithi wote wanne wakasaini mauzo, nikalipa ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa mali ya mjini. Salio nililitoa baada ya hati kutoka kwa jina langu.