Siku moja maishani mwangu: fundi spika na ubishi wa Kill Bill

Saa 1 asubuhi

Kazi za macho nazifanya mapema, bati la kibanda likiwa bado halijapata moto. Kuunga waya wa koili, ule mwembamba kuliko unywele, huku jasho linaingia machoni ni kujitafutia hasara. Hapa Tandika, Dar es Salaam, saa hizi kelele bado ni za daladala tu. Mezani kuna redio ya gari inayosikika upande mmoja, sabufa ya mama lishe wa jirani inayokoroma, na spika kubwa ya baa ambayo koili yake imeungua kwa sababu kuna mtu aliamini kitufe cha sauti kimewekwa pale ili kifike mwisho.

Kila fundi spika ana muziki wake wa kujaribia. Yupo wa taarabu, yupo wa dansi la zamani, na vijana wengi wanaweka singeli wanamaliza. Flashi yangu mimi ina muziki wa Kill Bill, filamu ya Quentin Tarantino ya yule bibi harusi aliyepigwa risasi ya kichwa kanisani, akalala miaka minne bila fahamu, akaamka na orodha ya watu wa kuwaua, Bill akiwa wa mwisho. Sehemu ya kwanza ilitoka Oktoba 2003, ya pili Aprili 2004. Filamu zenyewe zimo pia, tena za aina mbili: ya asili, na iliyotafsiriwa, ile ambayo mtu wetu anasimulia kwa Kiswahili juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho. Flashi hiyo ndiyo imegeuza kibanda changu kuwa kijiwe.

Kwa nini hiyo? RZA wa kundi la hip hop la Wu-Tang Clan alitengeneza muziki wa sehemu ya kwanza, lakini sehemu kubwa ya unachosikia Tarantino aliichota kwenye santuri za watu: Wajapani, Wataliano, Wamarekani wa miaka ya 1960, disko la miaka ya 1970. Kila kipande kilirekodiwa kwa mitambo yake na enzi yake. Ukivipitisha vyote kwenye spika moja, ugonjwa wake lazima ujitokeze. Anza na Nancy Sinatra, "Bang Bang" ya 1966. Sauti ya mwanamke na gitaa linalotetemeka, basi. Hakuna ngoma ya kufichia kasoro. Kama kuna mvumo wa umeme ndani ya spika, utausikia hapo hapo.

Saa 3 asubuhi

Redio ya gari haikuwa na shida kubwa. Mguu mmoja wa IC ya sauti, kile kijidude cheusi cha kukuza sauti, ulikuwa umelegea kwenye risasi ya kulehemu. Nimechomelea upya, nimepima na mita, njia zote mbili zinapitisha. Naijaribu na Santa Esmeralda, ile "Don't Let Me Be Misunderstood" ya 1977, gitaa la Kihispania na makofi juu ya mdundo wa disko. Makofi yale yakija makavu kulia na kushoto, mteja aje na hela yake.

Dogo wa kibanda cha muvi cha ng'ambo ya barabara akasikia, akavuka bila hata salamu.

"Fundi, hapo ndipo Kill Bill inapoishia. Ya pili ni maneno matupu."

Huo ndio wimbo wa pambano kwenye theluji, Uma Thurman, ndiye bibi harusi, na Lucy Liu, ndiye adui yake O-Ren, bustanini usiku. Dogo ana hoja zake na anazipanga vizuri: ya kwanza ina ukumbi mzima wa watu wenye mapanga, ina yule binti Gogo na mnyororo wake wenye tufe la chuma, ina katuni ya Kijapani katikati, ina suti ya njano iliyotoka kwa Bruce Lee. Ya pili Bill mwenyewe, mtu tuliyemsubiri zaidi ya saa nne ukiunganisha zote, anamalizwa akiwa amekaa kwenye kiti, kwa vidole vya kifuani, anasimama, anatembea hatua chache, anaanguka. "Wateja wananirudishia, fundi. Wanasema nimewauzia stori ya kitandani."

Wateja hao hao, nikamkumbusha, ndio waliomrudishia ya kwanza wakidai kopi ni mbovu, rangi inapotea katikati ya pambano la ukumbini. Kopi haina tatizo. Kwenye toleo la Marekani picha inageuka nyeusi na nyeupe pale damu inapozidi. Wajapani walipewa yao ikiwa na rangi zote. Dogo alishachoka kuwaeleza, siku hizi anawapa nyingine tu.

Saa 5

Mzee amekuja. Huyu hana spika ya kutengeneza, ana kiti chake. Shikamoo, marahaba, halafu moja kwa moja: "Weka kile king'ora."

King'ora anachotaka ni kile kinacholia kila bibi harusi anapomwona adui yake uso kwa uso, macho yanajaa jekundu. Ni Quincy Jones, muziki wa tamthilia ya Ironside ya televisheni ya Marekani, 1967. Lakini mzee hajui habari za Ironside na hana haja nazo. Tanzania Bara televisheni imekuja miaka ya 1990 yeye akiwa na watoto wakubwa. King'ora hicho alikisikia sinema. Waliotengeneza King Boxer kule Hong Kong mwaka 1972 walikinyofoa wakakitumia kila mikono ya shujaa ilipopata nguvu, na mzee, kijana wa miaka hiyo, alikuwa anakatiza mji kwa miguu kufuata picha za karate. Anazitaja Empire, Avalon na Odeon, kumbi za sinema za enzi hizo, kama mtu anayetaja jamaa zake.

Kwa hiyo dogo anapodai Tarantino "ametunga sauti kali", mzee anacheka mpaka anakohoa. Kwake Kill Bill ni mtoto wa Kimarekani aliyekaa viti vya mbele akaondoka na kila kitu mfukoni. Halafu akatoa turufu yake: yule babu mwenye ndevu nyeupe wa sehemu ya pili, Pai Mei, mwalimu mkatili, ni Gordon Liu, na ni huyo huyo aliyevaa barakoa nyeusi sehemu ya kwanza akiongoza jeshi la O-Ren. Mzee anampenda tangu filamu ya The 36th Chamber of Shaolin ya 1978. Dogo ameuza Kill Bill miaka na miaka bila kujua hilo. Akatoa simu kuhakikisha, akanyamaza kidogo, akasema: "Sawa, lakini hiyo haifanyi ya pili iwe nzuri."

Kweli, haifanyi.

Saa 7 mchana

Wali maharage na tembele. Mama lishe ameleta mwenyewe ili aulizie sabufa yake. Nikamwambia ni kapasita mbili zimevimba kwenye njia ya umeme, jioni anaichukua.

Akaulizwa na dogo, kwa utani, yeye yuko upande gani. Aliitazama zote kwenye simu ya mwanawe. "Ya pili," akasema, bila kufikiri. "Ya kwanza inakwambia mwishoni kabisa kwamba mtoto wa bibi harusi yu hai, halafu inakufungia mlango. Mimi niliangalia ya pili kumtafuta mtoto. Nyie mnahesabu mapanga." Akachukua sahani za jana akaondoka. Hakuna aliyemjibu, na sidhani kama jibu lipo.

Saa 8 mchana

Umeme umekatika. Fundi bila umeme kazi yake ni kufagia na kubishana.

Ubishi wa leo ni filimbi. Ile filimbi ya huzuni inayopigwa bibi harusi anapokabidhiwa upanga na Hattori Hanzo, mfua panga wa Okinawa, na inayorudi mwisho wa sehemu ya kwanza. Dogo anasema ya China. Mzee anasema hapana, Okinawa ni Japani na filimbi ni ya Japani. Bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria akaingilia: ya Wahindi wa Marekani, aliwahi kuisikia kwenye kaseti ya kuombea. Mimi nikawaambia: mtunzi ni Mjerumani, James Last, mpigaji ni Gheorghe Zamfir wa Romania, na filimbi ni ile ya mirija mingi iliyopangwa pamoja, wimbo ni wa miaka ya 1970. Wakanitazama kwa huruma. Ilibidi nitumie bando langu kuwaonyesha Zamfir mwenyewe, mzungu ndani ya suti, anapuliza macho yamefumbwa. Bodaboda akasema huyo ameiga.

Hapo Tarantino namvulia kofia. Tukio la Japani kalivisha wimbo wa Mjerumani na pumzi ya Mromania, na watu watatu wa Tandika wanagombea umetoka wapi. Ule mwingine, mluzi wa Elle Driver, mmoja wa maadui wa bibi harusi, anapopita kwenye korido ya hospitali na nguo nyeupe za nesi, ni hivyo hivyo: Bernard Herrmann aliutunga kwa ajili ya filamu ya Kiingereza ya 1968, Twisted Nerve. Leo ukiupiga mluzi huo mahali popote, watu wanageuka kutafuta mwanamke mwenye jicho moja.

Saa 10 jioni

Umeme umerudi. Sabufa ya mama lishe haikoromi tena, na hapa ndipo niliwataka dogo na mzee wote wawili wakae.

Sehemu ya pili, Budd, ndugu yake Bill, anamzika bibi harusi akiwa hai. Nikaanza na kopi ya asili, nikageuza kioo cha televisheni upande wangu. Wao wasikilize tu. Jeneza linapofungwa mtazamaji naye anafungiwa, kioo chote cheusi. Kinachobaki ni nyundo kwenye misumari, pumzi ya mwanamke, halafu udongo. Koleo la kwanza linaanguka karibu na sikio lako. La pili. Halafu kila koleo linasikika mbali zaidi kidogo, kwa sababu udongo wenyewe unaziba sauti. Hakuna muziki hata chembe. Kazi hiyo ni ya masikio, na ni ngumu kuliko panga mia. Spika mbovu inaliweka koleo la mwisho pale pale lilipokuwa la kwanza. Spika nzima inakushusha kaburini.

Na baadaye, anapokumbuka mafunzo ya Pai Mei na kuanza kupiga ngumi ubao, ndipo Ennio Morricone anaingia, "L'Arena", aliyoitunga kwa sinema ya kikauboi ya Kitaliano ya 1968. Tarumbeta linapanda, anatoka ardhini. Mzee alisimama. Nasema kweli, alisimama na goti lake lile.

Halafu nikaweka kopi iliyotafsiriwa, tukio hilo hilo. Msimuliaji hakunyamaza hata sekunde moja. Kioo kiko cheusi, yeye anasema: sasa hapa amezikwa, ndugu mtazamaji, sasa hapa anawaza atatokaje, na akaunganisha na kusalimia rafiki zake. Udongo hausikiki. Koleo hazisikiki. Morricone anafika chini ya maelezo.

Simlaumu sana, mtu huyo analipwa aongee, na kwenye ya kwanza hasumbui, mapanga yanajitosheleza. Lakini nikamwambia dogo: wateja wako wanaorudisha ya pili wameiona hii, hawajawahi kuisikia ile. Nyimbo za kukumbukwa ziko nyingi ya kwanza, hilo nakubali. Ya pili imejua wapi pa kuzima muziki, na Robert Rodriguez aliyeifanyia muziki alidai dola moja tu kwa kazi yake. Sisi tunainunua ikiwa imejazwa maneno.

Dogo akafikiri. "Kwa hiyo niwe nawapa ya asili?"

"Wape zote mbili, bei moja."

"GB zinakwisha, fundi."

Saa 1 usiku

Mzee ameshaenda kuswali. Spika ya baa ndiyo ya mwisho. Nimeisuka koili upya mchana kati ya ubishi na ubishi, gundi imekauka, koni inapanda na kushuka bila kukwaruza. Kwa wufa, spika ya besi, ya inchi kumi na tano hakuna mtihani unaonipendeza kama Tomoyasu Hotei, ule muziki wa O-Ren na watu wake wakiingia ukumbini, ambao Hotei aliutunga kwa filamu ya Kijapani ya 2000. Ngoma zinatembea, gitaa linakata, na kama koili imekaa upande hata kidogo itajitangaza. Haikujitangaza. Bati la kibanda ndilo lililokuwa linatetemeka.

Kijana wa baa amefika na bajaji kuichukua. Akasikiliza nusu dakika, mikono mfukoni.

"Inapiga, fundi. Sasa weka singeli tujue kama imepona."

Nikaweka singeli. Akatikisa kichwa, akatoa hela, tukaipakia.