Nilivyoandaa maombi ya kivuko cha reli upande wa Tororo

Barabara ya ghala ikikata reli ya Malaba–Kampala, ruhusa ya wilaya peke yake haitoshi. Njia ile inasimamiwa na Shirika la Reli la Uganda, lililo chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Kwa hiyo nilianza na shirika: barua, mchoro unaoonyesha kilometa ya reli, na aina ya magari yatakayovuka.

Kazi kubwa ilikuwa umbali wa kuona. Ramani haitoshi. Unapanda kwenye kiti cha dereva wa lori, kwenye mstari wa kusimama, unatazama kushoto na kulia. Hesabu niliiandika waziwazi ndani ya faili: trela la mita 18 likivuka eneo la mita 10 kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, linatumia sekunde 14. Ongeza 3 za dereva kuamua na kuondoa gari. Treni ya kilometa 40 kwa saa inakula mita 11 kila sekunde, kwa hiyo ndani ya sekunde 17 imeshasogea karibu mita 190. Dereva asipoiona kutoka mbali hivyo, mahali hapo hapafai, hata ukijaza vibao. Treni yenye shehena haisimami papo hapo.

Tena usipime mwezi wa Aprili ukaridhika. Mahindi ya msimu wa kwanza bado yako magotini. Kufika Juni yanampita mtu kimo na kuificha reli kabisa. Ndiyo maana niliandika nani atafyeka, na kila baada ya muda gani.

Jambo la pili ni udongo. Matairi huleta maramu (udongo wa changarawe wa barabarani), mvua huiloweka, malori huishindilia kwenye mfereji mwembamba ulio kando ya reli, ambamo ukingo wa gurudumu la treni hupita, hadi inakuwa ngumu kama saruji. Ukingo wa gurudumu la treni hushuka karibu milimita 30 chini ya uso wa reli. Ukingo huo ukikosa nafasi, gurudumu hupanda juu na behewa huacha njia. Dawa ni kuweka zege au lami pande zote mbili za kivuko, matope yadondoke kabla ya kufika relini, na mtaro wa maji usielekee kwenye kokoto za mataruma yanayobeba reli.

Usichimbe chochote kabla shirika halijaleta msimamizi wake. Kivuko kikishafunguliwa, chuma chenye ncha iliyopinda kikae kwa mlinzi wa lango, mfereji ukwanguliwe kila mvua inapokatika.