Nobu ya taa imekaa: mpingo kwenye Beetle ya 1971

Jana usiku nimevuta nobu, kile kishikio cha swichi ya taa kwenye dashibodi ya Volkswagen Beetle yangu. Kidoko cha kwanza, taa ndogo. Cha pili, taa kubwa zikamulika ukuta wote wa jirani. Miezi mitatu nilikuwa navuta swichi hiyo kwa plaizi, kila magharibi. Gari liko Shangani, hapa Mtwara, na chumvi ya bahari hailionei huruma.

Mwenye gari la aina hii anajua nobu ya taa hufunguliwa kwa kuizungusha tu. Yangu plastiki ilipasukia mkononi, ikabaki bushi ya brasi imegandia kwenye shafti. Tabu ni kwamba shafti yenyewe inazunguka, maana ndiyo inayoongeza na kupunguza mwanga wa taa za dashibodi. Ukizungusha bushi, shafti inaifuata mpaka ikwame, na ukilazimisha hapo unavunja rizista iliyo ndani ya swichi. Nilipulizia WD-40 siku tatu mfululizo, haikusogea. Nikajaribu plaizi mbili, nikaambulia kuikwaruza shafti, nikaumia roho kweli. Kukata kwa msumeno niliogopa, nisije nikaua thredi, zile nyuzi za skrubu zilizo kwenye shafti.

Kilichofanya kazi ni joto. Nilivuta swichi mpaka mwisho, shafti iliyochomoza nikaizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, nikaibana na visgripu, ile plaizi inayojifunga. Halafu nikakandamiza chuma cha kulehemea waya juu ya bushi, dakika kama nne. Brasi hutanuka kwa joto kuliko chuma, kwa hiyo inaachia. Nikasikia "tik" ndogo. Robo mzunguko, kisha nusu, kisha ikaja yote. Nilipiga kelele hadi watoto wa nyumbani wakatoka nje.

Nobu niliyoagiza Dar ikafika, haiingii. Ni ya thredi ya milimita 4, ya magari ya kabla ya 1968. Shafti yangu ni ya 5. Muuzaji nilimtajia mwaka wa gari mara mbili!

Basi nikaenda Mikindani kwa babu mmoja mchonga vinyago, akanipa kipande cha mpingo kilichobaki kwenye kazi yake. Cha kwanza nilikitoboa kwa drili ya umeme, kikapasuka katikati. Babu alikitazama akaniuliza, "Ulitoboa moja kwa moja?" Nikamjibu ndiyo. "Toboa kidogo, toa biti, futa vumbi, uache upoe. Ukipata moto unapasuka huu." Akanipa kipande kingine.

Safari hii nilitumia drili ya mkono, ile ya kuzungusha kwa mpini. Kwa mpingo siirudii ya umeme. Biti za bei rahisi nazo msinunue: mbili zimegeuka buluu na kuwa butu kabla tundu moja halijaisha. Nilitoboa kwa biti ya 4.2, nikakata thredi kwa tepu ya M5, kile chuma cha kuchonga thredi za milimita 5 ndani ya tundu, robo mzunguko mbele, nusu ya hapo nyuma. Thredi zimetoka safi kama za chuma. Si ajabu mti huu ndio wanaotengenezea klarineti.

Ukingoni nimeacha utepe mwembamba wa ule mti mweupe wa nje, gizani jicho liione nobu haraka. Thredi zote zimo kwenye kiini cheusi, kule kweupe ni laini. Msasa wa 400, kisha 1000, kisha nta ya nyuki kwa kitambaa. Inang'aa, na mkononi ina uzito ambao plastiki haikuwahi kuwa nao.

Wiki hii nilipanga kufungua mota ya waipa. Itasubiri. Nimeshapima thredi za mkono wa gia, ni milimita 12, na kesho asubuhi narudi Mikindani kuomba kipande kikubwa zaidi cha nobu yake.