Pale Alipokataa Kubonyeza

Juzi usiku mwanangu alikuwa ananipaka mafuta mgongoni. Kidole chake kikalifuata lile kovu kutoka juu hadi chini, akauliza, "Mama, vile vyuma bado vimo?" Nikamwambia vimo, na vitaendelea kuwamo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza jambo lililoninyima usingizi: "Sasa kama mgongo umefungwa kwa vyuma, yule tabibu alikuwa ananyoosha nini?" Alimaanisha tabibu wangu wa kairopraktiki, ile tiba ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono.

Habari ya upasuaji wenyewe siirudii kwa kirefu. Pingili ya nne na ya tano za kiuno, diski iliyochakaa, yaani ule mto laini ulio kati yake, mguu wa kushoto unaowaka usiku kucha. Skrubu nne, fito mbili za titani, na pandikizi la mfupa ili pingili hizo mbili ziote pamoja. Maumivu ya mguu yaliondoka mapema, na kwa hilo namshukuru daktari wangu mpaka leo. Asije mtu akasoma haya akadhani nalalamikia kisu.

Maumivu mapya yalikuja baadaye sana, mfupa ukiwa umeshashika. Yalikaa juu kidogo ya kovu, mazito, yakizidi kila nikikaa kwenye kiti kwa muda. Daktari alitazama picha, akasema hakuna skrubu iliyolegea. Pingili zikishaunganishwa hazijipindi tena, akanieleza, na kazi zilizokuwa zikifanya inahamia kwa jirani zao. Ndivyo ulivyo mnyororo wenye pete mbili zilizochomelewa: ukiukunja, pete ya pembeni ndiyo inayosuguka. Akaniandikia dawa na mazoezi, akasema tusubiri.

Nyumbani maoni yaligawanyika. Dada yangu alitaka niende kwa tabibu wa kairopraktiki. Shangazi alishika kichwa: mtu mwenye vyuma mgongoni akavunjwe viungo? Hofu ya shangazi haikuwa ya bure. Kule kusukuma kwa ghafla na kwa nguvu, ambako watu wengi hukufahamu kwa ule mlio wake, hakufai kufanywa juu ya pingili zilizounganishwa. Niliogopa kama yeye. Ila nilikuwa nimechoka kulala ubavu mmoja, nikaenda, baada ya kumuuliza daktari wangu naye akakubali kwa shingo upande.

Nilidhani nitaambiwa nipande kitandani. Tabibu, mama mmoja, alinyoosha mkono akasema, "Picha zako, dada." Nilimpa ripoti, akaiweka kando, alitaka picha zenyewe. Akazifungua kwenye skrini, akaanza kuhesabu pingili kutoka chini kwa ncha ya kalamu, polepole, midomo ikichezacheza. Alipofika kwenye skrubu alikaa pale muda mrefu. Alikuwa anatafuta kama mfupa umevuka kweli kutoka pingili moja hadi ya pili, maana vyuma vinaweza kuonekana vimetulia huku mfupa chini yake haujaungana. Kisha yakaja maswali. Upasuaji ulikuwa lini? Mkojo nauzuia vizuri? Kuna ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani? Akaniamuru nitembee kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Akanigonga magoti na nyuma ya vifundo kwa kile kinyundo cha mpira. Akaniambia wazi kwamba ningekuwa na ganzi ya namna ile, au mkojo unanitoka, asingenigusa. Angenipeleka hospitali saa ile ile.

Ndipo nikalala kifudifudi, uso kwenye lile tundu la kitanda, nikiona viatu vyake tu. Kidole gumba chake kikaanza kushuka kutoka katikati ya mabega, pingili baada ya pingili. Kilipofika juu ya kovu nikashtuka kabla hajasema neno. "Hapa," akasema. Akabaki pale, hakukaza wala hakulegeza. Kisha kidole kikateremka kidogo hadi penye kovu lenyewe, kikasimama.

"Hapa sibonyezi. Hapa pameshakuwa mfupa mmoja, hakuna kiungo cha kunyoosha."

Mwili wangu wote ulikuwa umekakamaa nikisubiri mlio. Nadhani aliusikia kwenye kiganja chake, kwa sababu aliniambia leo hakutakuwa na mlio wowote, na kwamba hata ule mlio wenyewe si mfupa unaorudi mahali pake, ni gesi ndani ya majimaji ya kiungo. Akaweka kiganja juu kidogo ya kovu, pale penye maumivu. Kwa mkono wa pili akafungua nusu ya chini ya kitanda, ikaanza kushuka taratibu, miguu yangu ikienda nayo. Ikapanda. Ikashuka tena. Nikahisi mahali padogo sana mgongoni pakivutika na kuachia, pakivutika na kuachia, na pumzi yangu ikaanza kufuata kitanda bila kuambiwa. Machozi yalidondoka kupitia lile tundu hadi sakafuni, karibu na viatu vyake. Hakuuliza kitu. Aliendelea.

Baada ya hapo nilirudi mara nyingi. Alinifanyia nyonga na sehemu ya kifua, akanisimamia kwenye mazoezi ya tumbo na makalio hadi nikayazoea, akamwandikia daktari wangu barua, na daktari akamjibu. Barua hizo zilinigusa kuliko wao walivyojua. Kairopraktiki ilianzishwa na Daniel David Palmer mwaka 1895 kule Davenport, Iowa, na upasuaji wa kuunganisha pingili ukaanza mwaka 1911 jijini New York, mikononi mwa madaktari wa upasuaji Hibbs na Albee. Umri wa fani hizo mbili unakaribiana, lakini uhasama kati ya madaktari na kairopraktiki ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1987 mahakama ya Marekani iliamua kuwa Chama cha Madaktari cha nchi hiyo kilikula njama dhidi ya kairopraktiki. Na mimi faili langu lilikuwa na sahihi za pande zote mbili.

Maumivu yalipungua. Kama ni mikono yake, au mazoezi, au muda tu, siwezi kuapa. Dada yangu anasema ni mikono. Daktari anasema ni mazoezi. Mimi kila nikijaribu kuyatenganisha nakwama.

Wanaoniandikia wakiuliza waende au wasiende, huwa nawauliza kwanza: amekuomba picha? Kama alikupandisha kitandani kabla ya kuziona, shuka.

Wiki hii pale juu ya kovu pameanza kuuma tena baada ya safari ndefu. Nimeshaomba nafasi kwa wote wawili, kwa daktari kwanza, apige picha mpya nimpelekee yule mama.