Mchanga wa Bahari Haufai: Tangi la Diskasi wa Porini Hapa Mtwara

Mtu anayeishi Mtwara akitaka kupamba tangi la samaki, macho yake huenda kwanza ufukweni, kwa kuwa huko mchanga ni mweupe, vipande vya matumbawe vimelala bure, na makombe yako ya kila umbo. Nami nilifanya hivyohivyo. Nilijaza ndoo nne za mchanga, nikauosha mara saba mpaka maji yakatoka maangavu, nikautandaza katika tangi la lita 450, nikajaza maji ya mvua, na baada ya wiki moja nikapima. Maji yaliyoingia yakiwa na pH 6 yalikuwa yamefika 8; pH ni kipimo cha asidi ya maji, chini ya 7 maji yana asidi, juu ya 7 hayana. Nilichota kijiko cha mchanga ule, nikaudondoshea siki ya jikoni, nao ukatoa povu kama soda iliyotikiswa. Mchanga wote ulikuwa ni chokaa, yaani matumbawe na makombe yaliyosagwa na bahari kwa miaka mingi, na chokaa hiyo ilikuwa ikiyeyuka polepole majini. Nashukuru kwamba samaki wenyewe walikuwa hawajafika.

Diskasi ni samaki wa maji baridi, kwa maana ya maji yasiyo ya chumvi, kwani kwa joto anataka nyuzi 28 hadi 30. Ni bapa na wa mviringo kama sahani, na jirani yangu, ambaye ni mvuvi wa Mikindani, alipowaona mara ya kwanza alisema, “Mwalimu, hawa si kitatange hawa?” Umbo linafanana kweli, ila kwa ukoo diskasi yuko karibu zaidi na perege. Kwao ni bonde la mto Amazon, na mwanasayansi Johann Jakob Heckel ndiye aliyemweleza kitaalamu mwaka 1840, kutokana na samaki wa Rio Negro, mto ambao maji yake ni meusi kama chai ya rangi, yana pH kati ya 4 na 5, na karibu hayana madini yoyote. Diskasi wa mashambani, waliozalishwa vizazi kwa vizazi ili wapate rangi kali, huvumilia maji ya bomba ya miji mingi. Wa porini hawana uvumilivu huo. Wangu sita ni wa kahawia, ambao hawahitaji maji makali kama ya Rio Negro, kwa hiyo nililenga pH 6.

Kabla ya kununua chochote ilinibidi nielewe wanaishi wapi hasa. Katikati ya Amazon maji hupanda na kushuka takriban mita 10 kila mwaka, yakaufunika msitu kisha yakarudi, na diskasi hujificha katika maji yaliyotulia kandokando ya mito na maziwa, ndani ya matawi ya miti iliyoanguka. Chini kuna mchanga na majani yaliyooza, na mwanga ni hafifu. Kwa hiyo tangi linaloiga kwao halifanani na bustani, na mgeni akija nyumbani hudhani maji ni machafu. Mimi naliona zuri kuliko matangi yote ya taa za buluu na mimea ya plastiki, lakini sibishani na mtu kuhusu hilo.

Mchanga sahihi niliupata kwa mafundi ujenzi, mchanga wa mto, ambao siki haikuutoa povu hata kidogo. Kwa upande wa miti, wengi walinishauri mizizi ya mikoko. Nilikataa kwa sababu mbili: kukata mikoko bila kibali ni kosa, na mti uliokunywa maji ya bahari miaka yote hautoi chumvi yake kwa wiki moja. Mkorosho, ambao hapa kwetu umejaa kila upande, niliuogopa kwa ajili ya utomvu wake. Nikaishia kwenye matawi ya mpera yaliyokauka uani kwa shemeji yangu, nikayachemsha vipande vipande katika sufuria ya shughuli, nikayaloweka wiki tano mpaka yakazama yenyewe, kisha nikayapanga yakiwa yamesimama na kupishana, ili samaki bapa apite katikati kama anavyopita kwao.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni majani. Wafugaji wa nchi za baridi huagiza majani ya mkungu kwa pesa, yakiwa yamefungwa kumikumi kwenye mifuko, wakati mkungu huu ndio ambao watoto wetu hukaa chini yake wakigonga makungu kwa mawe. Mimi huokota yaliyoanguka yenyewe na kukauka, mbali na barabara, nikayasuuza na kuyatia manane kwa mara moja. Huelea siku mbili tatu, kisha huzama, na maji huanza kugeuka rangi ya chai kutokea chini kwenda juu. Rangi hiyo hupunguza mwanga, na asidi yake hafifu hushusha pH kidogo iwapo maji hayana chokaa. Penye chokaa nyingi, majani hata mia yatabadilisha rangi tu.

Ndiyo maana maji ni jambo zito kuliko mapambo. Maji ya kisima changu ni magumu mno, yaani yamejaa chokaa, na njia pekee ya bei nafuu ni mvua. Huku kusini tuna msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, kwa hiyo nilipiga hesabu: kila wiki nabadilisha lita 60, na 45 kati yake ni za mvua, hivyo wiki 28 za kiangazi zinahitaji lita 1,260. Tenki la lita 2,000 linatosha. Mvua za kwanza naziacha zimwagike, kwa sababu upepo wa kusi hupaka mabati chumvi ya bahari na vumbi kwa miezi mingi. Tena maji mapya huingia polepole, kwani katika maji yenye asidi uchafu wa samaki hubaki katika hali isiyowadhuru sana, lakini pH ikiruka ghafla hadi 8, uchafu uleule hugeuka amonia yenye sumu.

Samaki walipofika kutoka Dar es Salaam walikuwa weusi kwa woga, wakajibana nyuma ya mpera siku nane bila kula. Niliwapa vidonge vya chakula cha samaki, wakavitema. Niliwapa kamba wabichi waliokatwa vidogo, wakavitazama tu. Siku ya tisa nikamimina viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye ndoo niliyoifunika chandarua, na mkubwa wao akatoka, akasimama juu ya majani, akainama, akavuta kimoja. Mistari yake ya wima, ambayo sikuwa nimeiona kwa sababu ya weusi, ilionekana yote.

Leo ni Oktoba, hita imezimwa tangu wiki iliyopita, na tenki la mvua limebaki robo.