Siku Moja Chini ya Mnara wa Vipimo, Moshi

Saa 11:30 alfajiri huwa nimeshafika kwenye shamba la mahindi lililo kusini mwa mji wa Moshi, ambako mnara wetu hupima upepo na joto linalosafiri kati ya ardhi na hewa, kwa kuwa saa mbili zinazofuata ndizo ninazozithamini kuliko zote. Usiku kucha ardhi imepoteza joto kwa mionzi, hewa iliyo karibu na udongo imepoa, na upepo mwepesi unateremka kutoka upande wa Kilimanjaro. Joto kidogo linalosafiri wakati huo linatoka hewani kwenda ardhini.

Saa 12:15 ninamwamkia mlinzi wa shamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umande wa leo ni mwingi, chombo chako kitapima kweli?"

Swali lake limegusa penyewe. Matone yamening'inia kwenye vichwa vya anemometa ya sauti, yaani chombo cha mnarani kinachopima upepo kwa kutumia sauti, na kila tone hupotosha muda ambao sauti hutumia kuvuka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Muda huo ndio tunaoupima, mara 20 kwa sekunde, ili kupata upepo wa pande tatu pamoja na jotoridi. Ninaandika saa kwenye daftari ili vipimo hivyo viondolewe baadaye.

Saa 1:30 asubuhi mstari wa jotoridi uliokuwa umetulia unaanza kurukaruka, na mtiririko wa joto unageuka kutoka hasi (joto likishuka ardhini) kuwa chanya (joto likipanda hewani).

Kuanzia saa 3:00 ninakokotoa. Wastani wa upepo wa wima, yaani unaopanda na kushuka, ni karibu sufuri, hivyo peke yake hauelezi lolote. Kwa kufuata mgawanyo wa wastani na mabadiliko alioutumia mwanasayansi Osborne Reynolds mwaka 1895, ninatoa wastani wa nusu saa katika upepo wa wima na katika jotoridi, ninazidisha tofauti hizo mbili kila zinapotokea pamoja, kisha ninatafuta wastani wa majibu. Kwa hewa ya mwinuko wa Moshi, jibu la 0.1 (digrii mara mita kwa sekunde) lina maana ya takriban wati 108 zinazopanda kutoka kila mita ya mraba. Nikiweka upepo wa mlalo mahali pa jotoridi, ninapata mtiririko wa momentamu, yaani nguvu ya mwendo wa upepo inayohamia kwenye mimea, ambao kwa kawaida ni hasi: hewa inayoshuka huja na kasi, na inayopanda imeshapunguzwa kasi na majani.

Saa 8:00 mchana ninalinganisha jumla ya nishati inayopanda kwa joto na kwa mvuke dhidi ya nishati ya mionzi iliyobaki baada ya kutoa ile inayoingia udongoni. Katika vituo vingi duniani jumla hiyo huwa pungufu ya nishati iliyobaki kwa asilimia 10 hadi 30. Wapo wanaoongeza namba ili hesabu ifunge; mimi ninaacha pengo lionekane, kwa sababu mkulima atakayepangiwa maji ya umwagiliaji kwa namba hizi anastahili kuliona.

Saa 11:00 jioni ninapima urefu wa mahindi. Kwa upepo, ardhi huwa kama imeinuka hadi takriban theluthi mbili za urefu wa mimea, kwa hiyo kesho tutapandisha mkono wa anemometa kabla mahindi hayajaukaribia.