Kapasita inapoitikisa TL431

Fundi anayefungua chaja au pawasaplai ya kompyuta hukutana mara nyingi na TL431, kifaa cha miguu mitatu chenye volteji ya rejea, yaani kipimo thabiti ambacho sakiti hujilinganisha nacho, ya volti 2.495. Volteji ikipanda kwenye mguu wa rejea, kikuza cha ndani huiamuru transista ivute mkondo zaidi, na kwa kuwa mkondo huo hupitia rezista ya kulishia, volteji hushuka na kurudi mahali pake. Uthabiti wote wa rejea hii unategemea mrejesho huo hasi.

Tatizo huanza tunapoweka kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya kathodi na anodi, miguu yake miwili mingine, ili kupunguza kelele, kama tulivyozoea kwenye kila chipu. Kapasita huifanya volteji ichelewe kuufuata mkondo kwa hadi karibu nyuzi 90 za awamu (mzunguko mmoja kamili wa wimbi ni nyuzi 360), na kikuza nacho kina ucheleweshaji wake. Jumla ikifika nyuzi 180 ilhali ukuzaji wa mzunguko mzima haujashuka chini ya moja, sahihisho hulisukuma kosa badala ya kulizuia, na rejea huanza kutetema yenyewe. Kapasita ndogo mno haidhuru, kwa sababu athari yake huja kwenye masafa ya juu, ukuzaji ukiwa umekwisha. Kubwa ya kutosha nayo huushusha ukuzaji mapema, kwenye masafa ya chini, kabla kikuza hakijachelewa. Hatari iko katikati, na mipaka yake hubadilika kulingana na mkondo wa kathodi. Grafu inayoionyesha imo kwenye datashiti, hati ya vipimo ya mtengenezaji, nami naiona ya thamani kuliko jedwali lolote la usahihi.

Binafsi hupendelea kuunganisha rezista ndogo mfululizo na kapasita. Omu 1 na mikrofaradi 10 huanza kuupunguza ucheleweshaji kwenye takriban kilohezi 16. Kapasita ya elektroliti ina ukinzani wa namna hiyo ndani yake, ya seramiki karibu haina, ndiyo maana kuibadilisha ya zamani kwa seramiki mpya kunaweza kuamsha mtetemo.

Maltimita haitoshi kuugundua, kwa kuwa husoma wastani tu. Tumia oskiloskopu, badilisha mzigo ghafla, kisha tazama: volteji ikipitiliza mara moja kidogo na kutulia, akiba ya awamu, yaani nafasi iliyobaki kabla ya kufika nyuzi 180, inatosha; ikiyumba mara nyingi, ongeza ukinzani. Rudia kipimo sakiti ikiwa imepata moto, kwani ukinzani wa elektroliti hupungua joto linapopanda.